Kijiji cha Chokaa

Kijiji changu kilikuwa katikati ya ubao, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Ramani tuliichora kwa chaki upande wa nyuma wa ubao wa zamani wa babu wa kuchezea keram, ule uliopasuka ukingo, na katikati ndipo kila mtu alipoegemeza mkono akitaka kusogeza watu wake. Jioni tukimaliza, Kijiji cha Chokaa kinakuwa kimefutika nusu. Kesho yake nakichora upya, lakini mistari ya majirani inakuwa imeshasogea, basi nakichora kidogo kuliko jana.

Mahali hapo sikuchagua mimi. Mchezo ulianzishwa na mtoto wa ami yangu, kaka yake baba, aliyekuwa akikaa na wazee wake ghorofa ya juu ya nyumba yetu ya Mji Mkongwe. Sisi, mimi na mama, tulikaa chini. Alikuwa mkubwa wangu kwa mwaka mmoja na kitu, na alipenda katuni za Kijapani za maninja. Alizitazama kwenye simu mpaka bando linakwisha, na likishakwisha ndipo anapokumbuka kwamba nyumbani kuna watu. Wa kwanza kunaswa naye alikuwa jirani yetu, msichana wa nyumba ya pili ambaye nasoma naye darasa moja, baba yake ana duka la vitambaa Darajani. Wakagawana ubao wao wawili. Mtoto wa ami akachukua upande wenye milima ya madini, akauita Kijiji cha Shaba. Jirani akachukua pwani na mashamba, akauita Kijiji cha Karafuu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi namenya vitunguu thomu vya mama. Walipoona nawatazama siku kadhaa bila ya kusema kitu, waliniuliza kama nataka kucheza. Nikaitikia kwa kichwa. Palikuwa pamebaki pale katikati.

Maninja wetu walikuwa komwe, zile kete za bao, za kijivu na ngumu. Bao lilikuwa la babu. Macho yalipomchoka alitupa sisi kete zote, bao lenyewe akabaki nalo akawa anatilia funguo na miwani kwenye mashimo yake. Shaba walichukua komwe nyingi, Karafuu nao wakachukua nyingi, mimi nikapata zilizojaa kiganja. Hakuna aliyeona vibaya. Kijiji kidogo kitawaweka wapi watu wengi?

Nitaeleza mambo yalivyokwenda, maana mtu asiyecheza hudhani mkubwa anamshinda mdogo kwa kumpiga. Sivyo. Sikupigwa mara nyingi. Jambo lenyewe ni kazi. Kijiji cha maninja kinaishi kwa kazi za kukodiwa, na mfalme mwenye mtoto wa kulindwa, au tajiri aliyeibiwa upanga wa dhahabu, anakwenda penye lango kubwa. Penye lango kubwa analipa vizuri. Malipo yanajenga skuli ya maninja na hospitali ya maninja, skuli inatoa watu hodari, na tajiri wa pili akija anakuta hodari wamejipanga. Kwangu zilikuja kazi zilizobaki: kusindikiza msafara wa punda, kusafisha visima, kupeleka barua ambazo hatujui zimeandikwa nini. Malipo yake yalitosha kula. Paa la skuli yetu lilikuwa halijamalizwa na halikumalizwa mpaka mwisho.

Nilikuwa na ninja mmoja mzuri. Komwe yake ilikuwa na pengo upande mmoja, kama jino lililovunjika, na kwa hiyo nilimjua hata kwa kumpapasa. Kichwani mwangu alikuwa msichana wa umri wangu, anayeweza kutembea juu ya ukuta mpya wa chokaa asiache alama ya unyayo. Nilimfundisha kwa zamu nyingi ambazo wenzangu walizitumia kujenga minara. Alipoiva, Shaba wakaja kumtaka.

"Tunamwazima tu," alisema mtoto wa ami. "Kazi ikisha anarudi."

Hakurudi. Ila mara moja tu, ameumia, nikamtibu kwa zamu tatu nzima, akaazimwa tena. Gharama ya kumlea ilikuwa yangu, na sifa zake zikasomwa kwenye lango la Shaba. Hakukuwa na ujanja hapo, sheria ndivyo ilivyokuwa, na sheria walizitunga wao wawili kabla sijaja.

Vita pia. Shaba na Karafuu hawakupakana popote, kwa hiyo wakigombana ilibidi wagombanie kwangu. Wakishapatana tunakaa kikao cha mkataba, jirani anakuwa karani na msemaji na mpiga makofi.

"Kijiji cha Chokaa kinakubali," anasema. "Si ndio, Bi Kimya? Usiposema hapana umeshasema ndio, usije ukatulilia kesho."

Naitikia kwa kichwa. Sikukasirika. Tangu baba afariki, mwaka juzi, mimi nilikuwa kama mkono uliolaliwa. Mtu unajua mkono upo, lakini ukiugusa ni kama unaugusa wa mwengine. Mwalimu akinisifu au akinigombeza ilikuwa sauti ile ile. Mchezo niliupenda kwa sababu ndani yake mtu anaweza kujibu kwa kusogeza komwe, hakuna anayesubiri useme.

Na niseme haki: mtoto wa ami hakuwa mbaya. Kila mara Chokaa ilipokaribia kufutwa kabisa, yeye ndiye aliyeiokoa. Alikuwa anafanya hivi. Anawachukua watu wangu waliobaki anawapa kazi ya kulinda lango la nyuma la Shaba, na anawapa stoo iliyo nyuma ya ukuta walale. Wanakula, hawapigwi na mtu. "Nshakuokoa," anasema, na uso wake unakuwa umefurahi kweli. Mimi naanza tena kukusanya kidogo kidogo, lakini anayelala stoo ya mtu hawezi kukodiwa na mwengine, hiyo pia ilikuwa sheria, basi nilikuwa nakaa stoo jioni nyingi kuliko nilizokaa kijijini kwangu.

Mwaka huu babu naye akafariki.

Nyumba ilikuwa ya babu. Alikuwa na watoto watatu: ami yangu, shangazi yangu ambaye ameolewa na anakaa Amani, na baba yangu, mdogo wao. Baba ndiye aliyetangulia kufa. Babu alikuwa akisema tukiwa tumekaa mezani, hasa mwezi wa Ramadhani tunapofuturu sote pamoja, kwamba nyumba hii yenu nyote, msije mkagombana. Alisema hivyo mara nyingi mpaka ikawa kama sehemu ya futari. Hakuna aliyemwambia akaandike. Mama alinambia baadaye kwamba aliwahi kutaka kumwambia, lakini kumwambia mzee mzima akaandike wasia ni kumchuria kifo, ni kama kumwambia tunakungojea. Naye alimtaka mkwe wake aishi. Basi akanyamaza, akamtilia chai nyengine.

Arobaini ilipokwisha, Ijumaa moja baada ya laasiri, alikuja shekhe anayejua mambo ya mirathi. Walipanda juu yeye, ami, shangazi na mama. Sisi watatu tulibaki ukumbi wa chini na ubao wetu. Nyumba zetu zile ngazi iko katikati, sauti za juu huteremka, lakini maneno hubaki huko huko. Sauti ya shekhe ilikuwa ya taratibu. Ya mama haikusikika kabisa. Shaba na Karafuu walikuwa wanagombania mto unaopita kwangu, na mtoto wa ami, tangu alipoteremka kutoka kupeleka kahawa juu, alikuwa anakosea kosea, akisogeza watu wa jirani akidhani ni wake, mpaka jirani akamuuliza kama kapungukiwa na damu.

Mama aliteremka kabla ya magharibi. Alinichukua chumbani akanieleza kama mtu anayesoma maelezo kwenye pakiti ya dawa. Baba yako alikufa kabla ya baba yake. Aliyekufa kabla harithi, na watoto wake wanazuiwa na ami yao aliye hai. Wasia ungetusaidia, nao hakuna, na maneno ya mezani shekhe kasema si wasia. Nyumba ni ya ami na shangazi. Nao wameshakubaliana iwe nyumba ya wageni, kama ilivyofanywa ile ya mkabala.

"Hakuna aliyedhulumu," alisema mama. "Ulijue hilo. Sheria ndiyo hiyo, na ami yako hakuitunga."

Nikamwambia sawa. Akaniuliza kama nimetia chumvi kwenye maharage. Nilikuwa sijatia. Nikaenda kutia, nikasimama jikoni na kijiko, nikawa najaribu kufikiri tutalala wapi, lakini fikira ilikuwa haishiki. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na chumba cha uani Mtoni, hilo nilijua. Nilijua pia kwamba nyumba hii ndipo pekee ambapo nakumbuka sauti ya baba akipiga hodi, na kwamba nikitoka hapa nitaisahau. Nililijua kama ninavyojua jibu la hesabu.

Siku ya pili tulikaa tena kwenye ubao. Zamu yangu ilipofika sikusogeza kitu.

"Nina swali la sheria," nikasema.

"Subhanallah," alisema jirani. "Bi Kimya ana ulimi. Haya, tusikie."

"Mkuu wa Kijiji cha Chokaa akifa kabla ya baba yake, watu wake wanapata nini?"

Jirani alicheka. "Kwani mkuu wa Chokaa ana baba? Tokea lini? Yule kaokotwa kwenye pipa la chokaa, mwenzangu, mimi nilikuwepo." Kisha akamtazama mtoto wa ami, akanitazama mimi, akaacha kucheka. Akasema anadhani kasikia mama yake anamwita. Hakuna aliyemwita. Aliondoka, na mlangoni akanishika bega kidogo, kitu ambacho hajawahi kukifanya.

Mtoto wa ami alikuwa ameshika komwe, anaizungusha baina ya vidole.

"Hawapati kitu," alisema.

Nikazikusanya komwe zangu kiganjani.

"Lakini aliyepata anaweza kuwapa. Shekhe kasema na hilo, nlikuwepo nnapeleka kahawa. Hakulazimishwa, lakini hakukatazwa."

"Basi si awape," nikasema.

"Nani?"

"Shaba."

Aliweka komwe chini. "Kule juu miye si mkuu wa kitu," alisema. Lakini aliinuka akapanda. Nilihesabu kwamba atarudi haraka, hakurudi haraka. Nilisikia sauti yake, kisha ya ami, ya chini, isiyo na ugomvi, kisha tena yake. Nilikaa na ubao mapajani. Alipoteremka macho yake yalikuwa mekundu na alisema baba yake atazungumza na mama asubuhi, kwa kheri. Akaongeza kwamba anadhani tutabaki. Alisema hivyo akiwa na ule uso wa furaha ninaoujua.

Asubuhi ami alikuja, akakohoa kwanza mlangoni, akapiga hodi kama mgeni ijapokuwa mlango ulikuwa wake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaketi. Ami ni mtu mpole. Ndiye aliyebeba jeneza la baba mbele, na ndiye aliyenilipia nguo za skuli. Mama alimtilia chai akasimama pembeni.

"Shemeji, mimi siwatoi," alisema. "Nani kasema nawatoa? Wageni watataka chai ya asubuhi, na mkono wako unajulikana. Ile stoo ya nyuma ya ngazi nitaipiga rangi, nitaitia feni, mtakaa nyinyi wawili roho zenu. Kodi sitaki. Mtoto atasoma. Wewe utapika, utatazama tazama mlango."

Alimaanisha. Ningependa hilo lijulikane. Alikuwa amekesha nalo, ilionekana machoni, na alikuwa ametutafutia kitu kizuri kuliko vyote alivyoviona. Mtoto wake alikuwa amekaa kwenye ngazi ya tatu, nilimwona miguu.

Mama aligeuka. Alinitazama. Sijui kwa nini alinitazama mimi, hajawahi kuniuliza kitu kikubwa kuliko kama nataka wali au mkate.

"Wewe unasemaje?" alisema.

Niliitazama stoo. Mlango wake ulikuwa wazi, mna baiskeli ya babu na ndoo na mikeka ya hitma. Ni stoo nzuri, haivuji. Nilijua tutakula, na hatutapigwa na mtu. Nilijua pia kwamba mama akishaingia mle hatapika chai ya mtu mwengine tena, na kila tutakaposema kitu tutakumbuka feni. Mambo hayo niliyajua kwa kukaa, si kwa akili. Nilikuwa nimeshakaa mle jioni nyingi.

"Twende Mtoni," nikasema. "Kwa mjomba."

Nilisema polepole, lakini ami alisikia. Miguu kwenye ngazi ilijivuta juu.

Mama aliweka birika chini. Kisha akasema, "Ahsante, shemeji. Mungu akulipe. Tutakwenda Mtoni."

Ami alisema kama ni kwa sababu ya chumba kuwa kidogo, kinaweza kupanuliwa. Mama akasema si hilo. Ami akasema kama ni maneno ya watu, watu watasema hata mkiondoka, na watanisema mimi. Mama akasema anajua, na kwamba yeye mwenyewe atawaambia watu ami alivyotaka kutuweka. Ami alimaliza chai yake yote. Alipoinuka alisema Mtoni kuna upepo mzuri. Sikuona kama amekasirika. Aliumia, nadhani, kama mtu aliyekunjua mkono kutoa kitu kikabaki kiganjani.

Tulihama baada ya wiki chache. Chumba cha uani kwa mjomba kina dirisha moja na choo tunashirikiana na mkewe na watoto wao. Mama anakaanga mandazi, anauza kwa majirani na kwa duka la njia ya Bububu. Baadhi ya siku yanabaki, tunayala sisi. Mimi naamka mapema zaidi kwa sababu ya skuli. Sauti ya baba nimeanza kuisahau kama nilivyodhani. Nakumbuka maneno, hodi hodi wenyewe, ila sauti imekuwa yangu. Sijalia. Mama naye haniulizi tena kama nilichosema kilikuwa sawa, na kama angeniuliza ningesema sijui.

Ijumaa moja mtoto wa ami alikuja na ubao ameufunga kwenye kanga kuukuu. Alimwamkia mama, akapewa mandazi, akakaa uani kwenye mkeka. Alisema kule mafundi wanatandika vigae chini, vumbi tupu. Nilimuuliza anaendeleaje. Alisema chumba chake kimechukuliwa, kwa sababu kina dirisha la kuona bahari na wageni wanataka dirisha, kwa hiyo siku hizi analala ukumbini, na wageni wakifika baba yake anamwambia asikae kwenye ngazi. Alisema kama jambo la kawaida. Nikamwongeza andazi.

Alifungua kanga. Shaba na Karafuu zilikuwepo kama zilivyokuwa. Katikati palikuwa pamefutika pote, hata mstari.

"Chora unapotaka," alisema, akanipa chaki.

Nilichora pembeni kabisa, pale ukingo ulipopasuka. Kijiji kidogo tu, kisima, na skuli bila ya paa.

Alitazama muda. "Huko hakuna njia. Matajiri hawafiki. Hutapata kazi."

"Najua."

"Na ukizidiwa, Shaba haitakuwahi. Mbali."

"Najua," nikasema.

Alitia mkono mfukoni akatoa komwe moja, akaiweka ndani ya mstari wangu. Ilikuwa ile yenye pengo. "Huyu wako," alisema. "Tulimwazima."

Mama aliniita kutoka jikoni, nikaitika naam, alitaka nipeleke mandazi dukani kabla hayajapoa. Nikamwambia mtoto wa ami zamu ni yake, afikiri, narudi. Nilipofika mlangoni nikageuka. Alikuwa ameinama juu ya ubao akitafuta njia ya kuwafikisha watu wake kule pembeni, mkono ameuegemeza katikati, ambapo sasa hapakuwa na kitu cha kufutika.